Kati ya Umoja na Wingi

Tulikuwa wanne darasani, Graz, ghorofa ya tatu,
mwezi wa Novemba, dirisha limeota ukungu,
bomba la joto likikohoa ukutani
kama mtu anayetaka kuchangia mada.
Dragoslava alifuata Kibulgaria kwa sababu ya mchumba,
Witold alikosa nafasi kwenye udaktari,
Gernot hakusema kilichomleta; alichonga penseli.
Mimi, fomu ilitaka kisanduku kimoja kiwekwe alama,
nikaweka.

Siku ya kwanza Profesa Tomažin alisoma orodha,
akafika kwangu, akavua miwani.
"Mischkulnig. Nani alikuandikia hivi?"
Nikajibu: serikali.
Akachukua chaki, akaliandika upya ubaoni: Miškulnik.
Lilipungua herufi mbili, S ikavikwa kikofia,
na nikaliona jina la babu, mara ya kwanza,
limevaa nguo za kwenda kanisani.

Tulisoma lugha kongwe ya vitabu vya sala,
irabu zake mbili, fupi, nyembamba kama pumzi ya mgonjwa,
zilizokufa kabla watu hawajajua kuzililia.
"Msizitafute," alisema profesa. "Tazameni jirani zake.
Irabu ikifa, konsonanti hugongana."
Nilicheka. Sikujua bado
kwamba anazungumzia jikoni kwetu.

Jikoni kwetu, bonde la Rož, bibi Nežika
aliongea Kijerumani na mimi, Kijerumani na mtu wa posta,
Kijerumani na kasisi mpya.
Kislovenia alikiweka akiba kwa kuku.
Aliwaita, akawakaripia, akawasimulia mambo marefu,
nao wakiinamisha vichwa upande kama mahakimu.
Nikisogea, ananyamaza.
Mtoto asikutwe na neno mdomoni:
shuleni, enzi zake, kila neno lilikuwa na fimbo yake.

Usiku tu lilimponyoka moja.
Akizima taa ya korido, kwa sauti ya chini:
Greva spat.
Twende tukalale, nilidhani, na ndivyo lilivyo,
takribani.

Hiyo "takribani" ilinisubiri hadi Machi.
Profesa aliandika juu: grem, naenda.
Akaandika chini: gremo, twaenda.
Katikati aliacha nafasi, akaijaza polepole:
greva.
Twaenda, sisi wawili.
Wawili kamili. Wa tatu akitokea, umbo linavunjika;
mmoja akiondoka, vilevile.
Kijerumani changu hakina chumba hicho:
kina moja, kisha umati.

Kalamu ikasimama.
Babu Lovro alizikwa nikiwa na miaka miwili.
Nilikuwa na tisa, chumba cha pili, blanketi hadi puani,
na mwanamke aliyezima taa
alikuwa peke yake koridoni,
na sarufi yake haikuteleza hata usiku mmoja.

Nilimpigia mama simu kutoka ngazini.
"Uzee," akasema. "Alikuwa anachanganya mambo."
Hakuchanganya, mama. Iko ukurasa wa arobaini na moja.
Mama akakaa kimya kwa gharama yangu,
kisha akauliza kama nimekula.

Dragoslava alinikuta pale, akasikiliza yote,
akamenya chungwa, akanipa nusu.
"Au alikuwa anakwambia wewe," akasema.
"Nyumbani mlikuwa wangapi?"

Sikuwa nimehesabu hivyo.

Juni, kwenye mtihani, swali la sita:
tafsiri, Twende tukalale.
Hapakuwa na hadithi juu yake wala chini yake,
hapakuwa na korido, hapakuwa na taa.
Niliandika bila kuinua mkono.
Karatasi ilirudi na wino mwekundu pembeni:
Wangapi? Sentensi haisemi.
Akakata nusu alama.

Ofisi yake huwa wazi Alhamisi, saa nane hadi saa tisa.
Nimepita mara nyingi. Mlango huwa umeegeshwa tu.
Nusu hiyo sijaenda kuidai.